Jibu: kupata spea za choo cha zamani cha boti ukiwa Tanga

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba boti ya matanga unayoitunza hapa Raskazone ina choo cha bronzi cha pampu ya mkono, kwamba maji machafu yanarudi bakulini kila baada ya kupampu, na kwamba umeshauriwa ung'oe choo chote uweke kipya cha plastiki kwa kuwa spea zake hazipatikani tena. Nimekuwa nikihudumia vyoo vya namna hiyo kwa wenye boti wanaotia nanga kati ya Raskazone na kisiwa cha Toten, na mimi nasema usiking'oe. Choo cha bronzi, hata kama kiwanda chake kimeshaacha kukitengeneza, kinatengenezeka Tanga kwa urahisi kuliko kile cha plastiki, kwa sababu mwili wake haufi na vinavyokufa ndani yake ni mipira, ngozi na pakingi (nyuzi za kuziba uvujaji kuzunguka fimbo ya pampu), vitu ambavyo vingi tunavyo hapa hapa mjini.

Anza kwa kujua kilichokufa, maana watu wengi huagiza pampu nzima kwa ajili ya kipande kimoja cha mpira. Maji yakivuja kuzunguka fimbo ya pampu, tatizo ni pakingi au sili ya juu. Bakuli likijaa lenyewe kwa maji safi ya bahari wakati hakuna aliyepampu, usikimbilie choo. Kagua kwanza lile pindo la bomba la mpira lililopandishwa juu ya usawa wa maji, ambalo juu yake huwa na kivali kidogo cha kuingiza hewa. Kivali hicho kikiziba chumvi, bahari hujivuta yenyewe kuingia botini, na zipo boti zilizozama zikiwa zimetia nanga kwa sababu hiyo tu. Hali yako, ya maji machafu kurudi, karibu kila mara ni vali ya mpira iliyo kwenye njia ya kutokea, ile yenye umbo la mdomo wa bata.

Ukiitoa utaona mwenyewe. Vali nzima ina mdomo uliojifunga, ukiubonyeza kwa vidole unaachana na ukiuachia unarudi kukutana. Iliyochakaa mdomo wake hubaki wazi kiasi cha kupitisha kalamu, mpira umekuwa mgumu, na kuta zake zina ukoko mweupe kama chokaa. Ukoko huo ni chumvi za kalisi zinazojengeka mkojo unapokutana na maji ya bahari, na huwa umeganda pia ndani ya mpira wa kutolea uchafu, ambao kwa kawaida una kipenyo cha ndani cha milimita 38, yaani inchi moja na nusu. Loweka sehemu zote ndani ya siki nyeupe usiku kucha kabla ya kuamua kipi kitupwe, kwani mara nyingine vali bado ni laini na kinachouzuia mdomo kufunga ni ukoko tu. Usichanganye siki hiyo na dawa ya kufulia yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na chumba cha choo cha boti hakina nafasi ya kukimbilia.

Vali ya mdomo wa bata ndicho kipande ambacho sikushauri ukichonge wala ukibuni. Imeundwa kwa kalibu, na ingawa bomba la kutokea hufanana kati ya choo na choo, ukingo wa vali hutofautiana kwa unene na upana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Soma jina lililochorwa kwenye bronzi yenyewe, pima ukingo kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo), kisha piga picha vali ikiwa kando ya rula. Kama ni Baby Blake, Groco au Raritan, spea bado zinauzwa. Kama ni Wilcox-Crittenden ya Marekani, kwa kuwa vyoo hivyo havitengenezwi tena, utatafuta akiba zilizobaki madukani au vali ya mtengenezaji mwingine yenye vipimo vinavyolingana, na hapo ndipo kalipa inakuwa na faida kuliko jina.

Yaliyobaki yanamalizika hapa hapa. Wosha za ngozi za pistoni, kwa vyoo vilivyo nazo, nazichongesha kwa fundi viatu Ngamiani. Nampelekea wosha ya zamani ikiwa imenyooshwa na namwambia unene ninaoutaka, kisha naiacha ngozi inywe mafuta kabla ya kuifunga. Vali bapa za kufunga na kufungua, ambazo ni vipande vya mpira visivyo na umbo maalumu, hukatwa kutoka kwenye tyubu ya lori na hufanya kazi vizuri huku ukisubiri za kudumu. Pakingi ya fimbo nunua ya nyuzi za tefloni. Wapo wanaozungushia katani kwa kuwa mafundi bomba huitumia kwenye nyuzi za mabomba, lakini kwenye fimbo inayopanda na kushuka katani hukwaruza na kunyonya maji.

Oringi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, zinahitaji maneno zaidi. Usipime oringi ya zamani peke yake, kwa sababu imeshabonyea na itakudanganya. Pima pia mfereji inamokaa. Vyoo vya Marekani na vingi vya zamani vya Uingereza hufuata inchi, kwa hiyo unene utakuwa milimita 1.78, 2.62, 3.53 au 5.33, ilhali maduka yetu ya beringi na sili huuza zaidi za vipimo vya milimita kamili na nusu. Ya 3.5 badala ya 3.53 haina shida. Ya 2.5 badala ya 2.62 itavuja. Chagua mpira wa naitraili, na upake grisi ya silikoni badala ya grisi ya magari.

Jambo jingine linaloharibu kazi nzuri ni kubadilisha bolti au kiungio cha bronzi kwa shaba ya njano ya dukani, ile ya koki za nyumbani. Maji ya bahari hula zinki iliyomo ndani yake, kinabaki kitu chenye rangi ya waridi kinachovunjika kwa mkono. Ukihitaji bushi mpya, mpelekee fundi wa mashine ya kukereza kipande cha bronzi halisi, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.

Kuhusu hivyo vya plastiki unavyoshauriwa, nitasema kwa ufupi. Jabsco ni choo kizuri, lakini seti zake za matengenezo zinategemea toleo: zilizotoka kati ya 1998 na 2007 zina seti yake, na zile za kuanzia 2008, zenye mpini unaozungushwa ili kujifunga, zina nyingine. Ukikosea toleo, umenunua mzigo. Na silinda ya plastiki ikikwaruzwa na mchanga hakuna fundi wa kukereza atakayekusaidia.

Agizo lako lipitishe kwa mtu. Kuna wenye boti Kilifi na Mtwapa, nchini Kenya, wanaoagiza mara kwa mara kutoka Uingereza, na mzigo unaweza kushuka na basi kupitia mpaka wa Horohoro ukiwa na risiti yake, ambapo utalipa ushuru na VAT ya asilimia 18 kama kawaida. Njia nyingine ni manahodha wanaopanda na kusi kutoka Afrika Kusini au Mayotte. Waandikie kabla hawajang'oa nanga. Agiza vali za mdomo wa bata zaidi ya moja, kwa kuwa gharama kubwa ni usafiri, na uzihifadhi gizani, mbali na mafuta.

Siku ya kufungua, funga kwanza koki zote mbili za bahari, ya kuingiza na ya kutoa, kisha pampu mara kadhaa uhakikishe hakuna maji yanayoingia bakulini, kwani koki za zamani huzunguka mpini bila kufunga. Ukishafunga kila kitu, fungua koki, pangusa viungio vikauke, zungushia karatasi ya chooni kila kimoja, na urudi kuikagua baada ya saa moja kabla hujashuka botini.