Barua kwa Mwanangu: Haki ya Babu na Bibi Yako

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Hela ya hitima imefika, Mungu akuzidishie. Umeniuliza: wewe uko Muscat, makaburi ya babu na bibi yako yako huku Tanga; ukishawaombea dua na kuwatolea sadaka, kumebaki nini cha kuwafanyia?

Mtu wa kabila la Banu Salima alimuuliza Mtume (s.a.w.) swali kama hilo kuhusu wazazi wake waliofariki, na jibu limo katika Sunan ya Abu Dawud: waombee rehema na msamaha, timiza ahadi walizoziacha, unga udugu uliokujia kwa njia yao, na mkirimu rafiki yao. Dua twaijua sote. Hayo mengine ndiyo yanayosahaulika, nami ndiyo ninayoyashikilia.

Babu yako alikuwa na duka Ngamiani. Mchele akishaupima, kibaba kikawa sawasawa, huongeza konzi moja juu yake, mteja awe anamjua au hamjui. Alipofariki, bibi yako akatwambia kuwa marehemu alikuwa amemwahidi kijana wa jirani cherehani ya kuanzia kazi. Haikuandikwa popote. Lakini ahadi ni deni, na mimi na mama yako mdogo tukachanga, tukainunua kabla hatujagawana chochote.

Bibi yako naye aliacha rafiki, somo yake, yule bibi wa Chumbageni ambaye hukuelewa kwa nini namwendea kila Ijumaa ilhali si ndugu yetu. Walifundwa pamoja, wakauza vitumbua kwenye baraza moja. Nikikaa naye kusuka ukili, hunifumulia nilichosuka: "Mama yako hakuacha ncha zikachomoza hivi." Basi naanza upya, na moyo wangu unafurahi mno, kwa sababu mama yangu bado ananifundisha.

Ibn Umar, mtoto wa Sayyidna Umar, alikutana na bedui njiani kwenda Makka, akampandisha punda wake, akampa na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake walipostaajabu, akawaambia: baba wa mtu huyu alikuwa rafiki wa Umar.

Kwa hiyo hela yako nimeigawa: nyingine ya hitima, nyingine ya miwani ya somo yake bibi yako. Mpigie simu baada ya Magharibi, umwamkie. Sema kwa sauti, masikio yamepungua nguvu, na umwambie wewe ni mjukuu wa nani.

Mama yako