Picha elfu nne kwenye seva ya bei nafuu: niweke programu gani?

Swali: Nina tovuti yangu binafsi, nataka kuweka humo picha kama elfu nne: za mashua za hapa Tanga, za kazi ninazotaka wateja wazione, na za ukoo ambazo ni za ndugu tu. Wengi wao wako Muscat na Mwanza, wanatazama kwa simu. Kamera yangu ni ya megapikseli 24. Seva nimepanga ile ya bei nafuu tunayochangia wengi, yenye cPanel (ukurasa wa kuiendeshea seva), PHP (lugha ya programu za wavuti) na MySQL (hifadhidata). Mmoja ananishauri niweke programu ya picha iitwayo Immich, mwingine PhotoPrism, mwingine Piwigo. Nifuate ushauri wa nani? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Weka Piwigo, ndugu yangu: inahitaji PHP na MySQL tu, ulizo nazo tayari. Kwa seva uliyo nayo, hizo nyingine mbili utahangaika nazo bure.

Si kwamba ni mbaya. Immich inatambua sura za watu na inavuta picha zenyewe kutoka kwenye simu, na ni kazi nzuri kwelikweli. Ila zote mbili zimetengenezwa zikae ndani ya Docker (mfumo wa kuendesha programu zikiwa zimefungashwa na vyote zinavyohitaji), kwenye mashine unayoitawala mwenyewe. PhotoPrism inataka angalau gigabaiti 3 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Immich inataka zaidi, tena na hifadhidata ya PostgreSQL. Seva ya kuchangia haikupi hayo. Siku ukipata kompyuta ya kukaa nyumbani imewashwa saa zote, rudi tuizungumzie Immich. Na kama picha zako zote zingekuwa za hadhara, ningekuelekeza programu ya Sigal, ambayo inatengeneza kurasa kwenye kompyuta yako halafu wewe unazipandisha tu. Lakini unataka ndugu waingie kwa nywila zao, na Sigal haina akaunti za watumiaji.

Piwigo ilianzia Ufaransa mwaka 2002 kwa jina la PhpWebGallery, na hadi leo inatoa matoleo mapya. Umri huo nauthamini sana. Kulikuwa na programu ya picha iitwayo Gallery, maarufu mno enzi zake. Mwaka 2014 waendelezaji wake waliiacha, na waliokuwa wakiitumia wakalazimika kutafuta pa kuhamia. Kwa hiyo kabla hujavutiwa na sura ya programu yoyote, jiulize: ikiachwa kesho, picha zangu nitazitoaje?

Piwigo ina njia mbili za kuingiza picha, na kuzijua ndiyo nusu ya kazi. Ya kwanza ni FTP (njia ya kutuma mafaili moja kwa moja kwenye seva): unapandisha folda zako ndani ya folda ya galleries, kisha unaiamuru Piwigo isawazishe, yaani izisome na kuziorodhesha. Picha zinabaki na majina yake na mpangilio wako, hivyo kuhama baadaye ni rahisi. Angalizo moja: majina yasiwe na nafasi wala alama za ajabu. “mashua 01.jpg” itakataliwa, “mashua-01.jpg” itapita. Njia ya pili ni kupakia kwa kivinjari. Hapo picha zinaingia folda ya upload, zinapangwa kwa tarehe na kupewa majina marefu yasiyokisika kirahisi.

Za hadhara zipitishe FTP. Za ukoo zipakie kwa kivinjari, halafu fanya albamu yake kuwa ya faragha na uwape ruhusa kundi la ndugu tu. Sababu ni kwamba ruhusa za Piwigo zinalinda ukurasa. Faili lenyewe linaweza kufunguliwa na mtu anayejua anwani yake kamili. Aliyeona harusi-01 hashindwi kukisia harusi-02. Ukitaka kulinda pia picha asili, zuia folda zake kwa .htaccess (faili la kuiambia seva nini izuie) na uwashe kinga ya picha asili kwenye mipangilio ya Piwigo.

Sasa RAM ya seva, maana hapa ndipo wengi wanapokwama wakidhani programu ni mbovu. JPEG yako ina megabaiti chache tu, lakini ili seva iipunguze, ni lazima kwanza iifungue yote: pikseli milioni 24 mara baiti 4, takriban megabaiti 96. Kikomo cha kawaida cha PHP ni megabaiti 128. Jumlisha picha ndogo inayotengenezwa na programu yenyewe, umefika ukingoni, na mgeni wako anaona kisanduku kitupu. Waulize wenye seva kama ImageMagick (programu ya kuchakata picha) ipo, kwa sababu Piwigo ikiikuta huitumia badala ya GD, zana ya picha ya PHP inayobanwa na kikomo hicho. Unaweza pia kupandisha kikomo chenyewe, memory_limit, hadi 256M ndani ya cPanel. Mimi ningepunguza picha kabla ya kuzipandisha, upande mrefu uwe pikseli 2560: kuifungua picha hiyo hakufiki hata megabaiti 20, na bando za ndugu zako zitapona. Zile kubwa zibaki nyumbani kwenye diski mbili.

Tazama pia idadi ya mafaili unayoruhusiwa, si gigabaiti peke yake. Piwigo hutengeneza saizi kadhaa za kila picha. Saizi tano kwa picha elfu nne ni mafaili 20,000. Zima usizozihitaji.

Picha za simu huwa na GPS (alama ya mahali zilipopigwa) ndani yake, na sioni kwa nini nyumba ya bibi ijulikane ilipo. Ili kuifuta kwa programu ya exiftool, kwenye kompyuta yako andika exiftool -r -gps:all= ukifuatisha jina la folda. Nakala za zamani zitabaki zikiwa na _original mwishoni mwa jina, hizo usizipandishe.

Kila mwezi toa nakala ya hifadhidata kwa phpMyAdmin (zana ya MySQL iliyomo kwenye cPanel), kisha nakili folda za galleries, upload na local. Ile ya _data iache, Piwigo huijaza upya yenyewe.