Muuzaji alimbeba mwanangu akatoka naye nje, mume wangu anasema nimemwaibisha

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka mitano na wa kiume mwaka na nusu. Tunaishi Istanbul, upande wa Fatih, mume wangu anasoma shahada ya uzamili kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki. Mwezi uliopita tulikwenda Laleli kutafuta makoti ya watoto. Nikiwa namjaribisha binti yangu koti, muuzaji akamtoa mdogo wake kwenye kigari, akambusu mashavu, akatoka naye. Nilipogeuka nikakuta kigari kitupu. Shangazi, nilipiga ukelele mtaa mzima ukajaa. Kumbe yuko duka la tatu, anamwonyesha kwa wenzake, mtoto ana pipi mkononi anacheka. Muuzaji aliiva uso kwa aibu, akaomba radhi mara nyingi. Tuliondoka hata koti hatukununua. Mume wangu alinyamaza mpaka nyumbani, ndipo akaniambia nimemwaibisha, watu wenyewe ni wakarimu, na ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho.*

*Na si siku hiyo tu. Kila duka tunaloingia wanamshika binti yangu nywele, wanampiga picha, wanamwita "çikolata". Siku hizi kabla hatujatoka ananiomba kofia, hata jua likiwa kali. Je, tatizo ni mimi?*

*Mama Wawili, Istanbul*

Marahaba, mwanangu. Pole sana na kile kigari kitupu. Mji ule una watu zaidi ya milioni 15, wewe hata lugha yao hujaizoea, na mtoto hayupo pale ulipomwacha. Hukumwaibisha mtu. Ungekaa kimya ningekushangaa.

Yule muuzaji naye nataka nimtetee kidogo, maana nadhani hata wewe umeona kwamba hakuwa na nia mbaya. Niliwahi kwenda Istanbul na mjukuu wangu wa miezi minane. Siku ya pili tuliingia mgahawani, na kabla hatujaagiza chochote mhudumu alishamchukua mtoto kutoka mapajani mwa mama yake akaingia naye jikoni. Nilinyanyuka nikamfuata. Nikamkuta mjukuu wangu mikononi mwa mpishi mwenye unga hadi kwenye viwiko, anaimbiwa, na wapishi wengine wawili wanangoja zamu yao. Huko ndivyo walivyo. Mtoto mdogo akiingia dukani anakuwa wa duka zima: mzee atambusu mkono, kijana atamtafutia pipi, mama atasema "maşallah", neno lile lile letu, kisha atamtafutia ushanga wa buluu wa kumbandika kwenye nguo. Wanaogopa kijicho kama bibi zetu wa pwani waliotupaka masizi usoni. Ukisikia "Allah bağışlasın", ujue wanamwomba Mungu akuachie mtoto wako. Nchi ile ina sikukuu ya taifa ya watoto, tarehe 23 Aprili, siku ambayo Bunge lao lilifunguliwa Ankara mwaka 1920, na watoto siku hiyo hukalishwa kwenye viti vya wakubwa serikalini.

Kwa hiyo kwa huyu mdogo, mapenzi yapokee, ila yafanyike mbele ya macho yako. Mtu akinyoosha mikono, mkumbatie mwanao na useme kwa tabasamu, "Bende kalsın", abaki kwangu. Wanaelewa mara moja na hawanuni. Ukiwa na shughuli ya kujaribisha nguo, mmoja wenu ashike kigari, na ashike kweli, si kusimama karibu huku anatazama simu.

Pipi nazo zinanitia wasiwasi kuliko busu. Mtoto wa mwaka na nusu hawezi pipi ngumu, wala karanga, lozi au fındık nzima, yaani zile njugu ziitwazo hazelnut kwa Kiingereza, na Uturuki ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima hizo fındık, utazikuta kila kaunta. Zinapalia, na mtoto akipaliwa hana muda. Pokea, shukuru, tia mkobani. Hata ile lokum, pipi yao laini, itazame kwanza, mara nyingi ndani ina vipande vya fıstık, yaani pistachio.

Sasa tumzungumze binti yako, maana kwa barua yako yeye ndiye anayeumia, na nasikitika kwamba ugomvi wenu wote umekuwa juu ya mdogo wake.

Mdogo anabebwa kwa sababu ni mtoto, na watoto wa Kituruki wanabebwa vivyo hivyo. Dada yake anashikwa nywele kwa sababu ni mgeni machoni mwao. Mikono inaweza kuwa ile ile na nia ikawa njema ile ile, lakini yeye hausikii kama upendo, anausikia kama kuchunguzwa. Mtoto wa miaka mitano anayeomba kofia wakati wa jua ameshajifunza jambo: kwamba nywele zake zinaita mikono ya watu, na kwamba mama na baba hawataizuia, basi azifiche mwenyewe. Nimeirudia sentensi yako ile ya kofia mara kadhaa na kila mara imeniuma.

Sisi pia tumefanya haya. Nimewaona akina mama wa Kariakoo na vijana wa Forodhani wakipapasa nywele za watoto wa Kizungu, "tazama zinavyoteleza", mtoto amejikunyata nyuma ya mama yake na sisi tunacheka. Tuliona tunampenda. Hatukumuuliza.

Basi kabla ya duka lolote, nyumbani, mkalishe umwambie nywele zake ni zake na yule ambaye yeye hataki aziguse, haziguswi naye. Mpeni alama ya siri, kwa mfano akikubana kidole mara mbili, wewe unasema kwa niaba yake: "Kızım istemiyor", binti yangu hataki. Mkono ukiwa tayari uko kichwani: "Lütfen dokunmayın", tafadhali msiguse. Picha ikishapigwa: "Lütfen silin", ifuteni. Sema kwa sauti ya kawaida, bila kuomba msamaha, na useme yeye akisikia. Muuzaji atasahau kabla hujafika kituo cha tramu. Binti yako hatasahau kwamba ulisema.

Kuhusu "çikolata", wengi wanaolitamka wanadhani wanambembeleza. Lakini mtoto ana jina. Wewe sema "Adı", kisha jina lake, na urudie mpaka walitamke. Duka la mtaani kwenu mnapokwenda kila siku hilo litashika ndani ya wiki mbili, maana mwenye duka wa Kituruki anapenda kumjua mteja wake kwa jina.

Na siku akiwa na furaha, kama yeye mwenyewe anataka, mfundishe kunyoosha kiganja na kusema "Çak!" Ndivyo wanavyosema wanapogongana viganja. Anayetaka kumfurahia atagonga kiganja, na atakuwa ameanza yeye. Asipotaka, basi.

Mwambie pia kwamba wapo Waturuki weusi wa vizazi na vizazi, huko upande wa İzmir, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani enzi za Waosmani. Historia yenyewe ataielewa akikua. Kwa leo inatosha ajue kwamba nywele kama zake hazikufika nchi ile pamoja naye kwenye ndege.

Nimalizie na Baba Watoto, na barua hii namwomba aisome mwenyewe. Mwanangu, najua una masomo, una ufadhili wa watu, hutaki kuonekana mkorofi katika nchi iliyokupokea. Hiyo ni heshima nzuri. Ila methali uliyomtupia mkeo umeitumia pasipo pake. Ukienda kwa wenye chongo, jicho unaloambiwa uvunje ni lako. La mwanao hukupewa ruhusa nalo, maana yeye hakuichagua safari hii. Halafu wewe ndiye unayekijua Kituruki cha darasani. Maneno niliyoandika hapo juu yakitoka kinywani mwako, mkeo hatalazimika kupiga ukelele. Siku ile alipiga kelele peke yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa peke yake. Muombe radhi kwa hilo.

Kisha rudini Laleli nyote wanne, baridi ya huko haingoji mtu. Yule muuzaji bado ana aibu yake na angependa kuitua. Atawaletea chai kwenye vile vigilasi, inyweni, mdogo akiwa mapajani mwa baba. Mwambieni jina la binti yenu na kwamba anachagua koti mwenyewe. Lenye kofia au lisilo na kofia, aamue yeye.