Themostati iliyotupwa, feni iliyolala na mlima wa Lushoto: maswali ya wenye magari ya zamani Tanga

Safari hii maswali mengi yanahusu magari ya miaka ya 1990 yanayochemsha, au yanayokula mafuta kuliko zamani. Wengine wanauliza kimoja bila kujua kwamba cha pili nacho kimo humohumo, kwa hiyo tumeyaweka pamoja.

Shikamooni mafundi. Nina Corolla 110, injini ya 5A. Mwaka jana ilichemsha, fundi akatoa themostati akasema huku pwani ni joto, haihitajiki. Kweli haichemshi tena, ila mafuta yanakwisha mbio na sindano ya joto haifiki hata katikati. Vina uhusiano? (Msomaji, Makorora)

Marahaba. Uhusiano upo, tena wa moja kwa moja. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuyabakiza maji ndani ya injini mpaka yapate joto la kazi, kisha kuyafungulia njia ya rejeta kidogokidogo. Ya injini yako inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na inakuwa wazi kabisa kwenye 95. Ukiitoa, maji yanapita rejeta tangu dakika ya kwanza, na ukiwa kwenye lami kuelekea Pongwe upepo unayapoza mpaka injini inabaki vuguvugu.

Kompyuta ya injini haijui kwamba uko Tanga. Inasoma sensa ya joto la maji, na sensa ikisema maji ni ya nyuzi 60, nozeli zinamwaga petroli ya ziada kama vile injini imewashwa sasa hivi. Ni sawa na kutembea siku nzima umevuta choki. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, badilisha oili na filta siku hiyohiyo unayorudisha themostati.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili upande wa chini. Mlango mkubwa ukifunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haipozwi kabisa. Ndiyo maana lipo gari lililotolewa themostati likawa baridi kwenye mwendo na bado likachemsha mlimani.

Kurudisha ni kazi ya saa moja. Nunua themostati ya nyuzi 82 pamoja na pete yake ya mpira, na usikubali kuirudishia pete kuukuu. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uifunge kwa uzi isiguse chini, uweke na kipimajoto. Ikifika 82 uone mlango unaanza kuachia. Ikifika 95 uwe umefunguka milimita 8 au zaidi. Kama huna kipimajoto, isiyofunguka mpaka maji yanatokota irudishe dukani.

Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji, kisha fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini: nyumba ya themostati ni hapo, kwa kawaida imeshikwa na nati mbili. Kitundu kidogo cha themostati chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, maana ndiko hewa inakotokea. Ukikigeuza chini, hewa inanasa na injini inachemsha ikiwa na maji tele. Jaza polepole, fungua hita mpaka mwisho, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, na uendelee kuongeza mpaka mapovu yaishe na mpira wa chini upate moto. Huo mpira ukipata moto ndiyo dalili kwamba themostati imefunguka.

Ulaji wa mafuta usipopungua baada ya hapo, muulize kompyuta. Kwenye kisanduku chenye maandishi DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha tundu za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua switi (ya ufunguo) bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Kukonyeza kwa mfululizo ulio sawa maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara mbili, yaani 22, ni sensa ya joto la maji. Mbili-moja, 21, ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Sensa ya maji inapimika kwa mita ya umeme: kwenye nyuzi 20 isome ukinzani wa kiasi cha kiloomu 2 hadi 3, kwenye 80 iteremke mpaka 0.2 hadi 0.4. Usiichanganye na ile ya waya mmoja inayoendesha sindano ya dashibodi, ni nyingine.

Na ile sababu iliyoichemsha mwaka jana? Haikutibiwa, ilifunikwa. Ikianza kuchemsha tena, soma jibu linalofuata.

Carina yangu ikiwa njia ya Muheza haina neno. Nikiingia Ngamiani kwenye msongamano, au nikisimama na AC, sindano inapanda. Rejeta ni mpya. (Msomaji, Duga)

Gari lililo salama kwenye mwendo na linalochemsha likisimama linalia feni. Kwenye mwendo upepo wa barabara unafanya kazi ya feni, likisimama hakuna wa kuifanya.

Toyota nyingi za miaka hiyo zina mpango wa kinyume ambao huwachanganya hata mafundi wa umeme. Swichi ya feni hupitisha umeme maji yakiwa ya baridi, na hukata yakifika kama nyuzi 93. Ikikata ndipo feni inapozunguka, makusudi yakiwa kwamba waya ukikatika njiani, feni iwake badala ya kulala. Kwa hiyo kipimo ni rahisi: injini ikiwa baridi na AC imezimwa, fungua switi bila kuwasha, chomoa soketi ya swichi ya feni. Feni izunguke papo hapo. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), kisha mpelekee mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota iliyo nzima inaondoka kwa nguvu. Inayosuasua au inayosubiri isukumwe kwa kidole imekwisha kaboni zinazoipelekea umeme ndani.

Ikizunguka ulipochomoa soketi, mota ni nzima na mwenye kosa ni swichi. Ichemshe kwenye sufuria kama themostati: chini ya nyuzi 83 mita isome inapitisha, juu ya 93 isome imekata.

Huku kwetu usisahau waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Hewa ya bahari inakula vichwa vya waya mpaka vinageuka kijani, na mota yenye ethi mbovu inazunguka lakini kivivu. Ufungue, uupige msasa mpaka shaba ing'ae, uukaze, uupake grisi.

Na kama mota ilishawahi kubadilishwa, weka karatasi mbele ya rejeta feni ikizunguka. Ivutwe na kunata. Ikipeperushwa kuja kwako, waya mbili zimegeuzwa na feni inasukuma upepo mbele, inapigana na upepo wa barabara.

Hilux ya dizeli, injini ya 3L, inapakia mifuko 20 ya saruji kwenda Lushoto. Mpaka Mombo ni salama, kabla ya Soni inachemsha. (Msomaji, Korogwe)

Mifuko 20 ni tani nzima, na barabara ya Mombo hadi Lushoto inakupandisha karibu mita 1,000 ndani ya kilomita kama 33. Pale ndipo rejeta inapotahiniwa. Rejeta iliyoziba theluthi itafaulu tambarare yote ya Segera ikaanguka hapo.

Anza nje. Piga maji kwa mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kinyume chake, utashangaa nyasi, wadudu na nyuzi za mkonge zitakazotoka. Mashine ya kuoshea ya presha kali inalaza mapezi (vile vibati vyembamba vya rejeta), usiitumie. Mapezi yakibomoka kama unga ukiyagusa kwa kidole, chumvi imeshayamaliza na kuosha hakusaidii. Kisha ndani: gari likiwa la moto na limezimwa, pitisha kiganja juu ya uso wa rejeta. Mahali penye baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Rejeta ya shaba hufunguliwa na kuchokonolewa. Ya alumini yenye vichwa vya plastiki ibadilishe.

Baada ya hapo klachi ya feni, ile inayoiunganisha feni na injini. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Iwe nzito. Ikizunguka yenyewe mara kadhaa, au ukiona mafuta mazito yamerushwa kutoka katikati yake, imekufa. Na koti la plastiki linalozunguka feni lipo? Mafundi hulivua ili kupata nafasi ya mkono, likaishia nyuma ya gereji. Bila koti feni inazungusha hewa ileile ya moto kwenye injini badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta.

Moshi mweusi mzito ukikanyaga ni dizeli isiyoungua: filta ya hewa imejaa, nozeli zimechoka, au pampu imeongezwa ili gari lipate nguvu. Nguvu hiyo inalipiwa kwa dizeli na kwa joto, vyote viwili.

Mlimani shuka gia mapema, usiing'ang'anize injini kwenye gia kubwa. Inapozunguka polepole huku imebeba tani, pampu na feni nazo zinazunguka polepole. Sindano ikipanda, zima AC, fungua hita yote. Isiposhuka, egesha, acha injini izunguke bila mzigo dakika chache. Ukiona mvuke au maji yanamwagika, zima mara moja. Usimwage maji ya baridi juu ya injini, hedi (kichwa cha injini) inapasuka. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka uweze kuuminya mpira wa juu ukiwa laini, na hilo huchukua nusu saa au zaidi.

Kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) ni ghali. Kwa nini nisijaze maji ya kisima tu? (Msomaji, Amboni)

Wewe hasa usijaze. Miamba ya kwenu ni ya chokaa, ndiyo iliyotoboka ikawa mapango, na maji yanayopita humo yanabeba chokaa hiyo. Ule ukoko mweupe ulio chini ya birika lako ndio unaojijenga ndani ya mirija ya rejeta. Visima vya karibu na bahari vina chumvi juu yake, nayo inakula hedi ya alumini.

Corolla inachukua kama lita 6 kwa jumla. Changanya nusu kwa nusu: lita 3 za kulanti, lita 3 za maji yasiyo na chumvi. Kama umenunua iliyokwisha changanywa, usiiongeze maji. Kinachotakiwa hapa ni dawa ya kutu zaidi ya kingine chochote. Kuhusu kuchemka, kazi kubwa inafanywa na mfuniko: maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100 hapa pwani na kama 95 Lushoto, lakini chini ya mfuniko wenye namba 0.9 (presha kwa baa) yanavumilia hadi karibu 118. Mpira wa mfuniko ukipasuka umepoteza hayo yote, na mfuniko ni bei ndogo kuliko vitu vingi kwenye ukurasa huu. Nunua wenye namba ileile. Wa 1.3 kwenye rejeta kuukuu utatafuta mahali pa kupasulia.

Nitajuaje gari linakula kiasi gani hasa? Sindano ya mafuta inanidanganya. (Msomaji, Chumbageni)

Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita. Tembea kawaida mpaka tangi lipungue zaidi ya nusu, rudi kituo kilekile, pampu ileile, ujaze mpaka ikate. Gawa kilomita kwa lita: 412 kwa 34.3 ni kilomita 12 kwa lita. Pima mara tatu kabla ya kubadilisha kifaa chochote, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Kisha angalia vya bure. Upepo wa tairi ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Baada ya safari ya kilomita 10 hivi bila kukanyaga sana breki, sogeza mkono karibu na kila rimu: moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki yake inashika. Kwa magari yanayolala Raskazone, karibu na bahari, pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) zilizoshika kutu ni ugonjwa wa kawaida.

Kuna sumaku ya kufunga kwenye bomba la petroli. Na wengine wanachanganya mafuta ya taa. (Msomaji, Mabawa)

Sumaku haifanyi chochote, petroli haivutwi nayo. Mafuta ya taa yanafanya: injini inagonga ukikanyaga, plagi zinajaa masizi, na pistoni zinaumia.

Nikiteremka kutoka Lushoto naweka nyutro niokoe petroli. Nafanya sawa? (Msomaji, Muheza)

Hapana. Kwenye injini ya nozeli, ukiachia pedeli gia ikiwa ndani, kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya injini isiyokanyagwa. Kwenye nyutro injini inalazimika kujiendesha yenyewe, kwa hiyo nozeli zinaendelea kumwaga. Na breki pekee hazikutengenezwa kushika gari kwa kona zote zile hadi Mombo. Zikipata moto sana pedeli inazama.