Wakala anataka nisaini, goti bado halijapona

Shikamoo Mama Sheria. Mimi ni baharia wa deki, miaka 34, kwetu Pasua, Moshi. Februari tukifunga meli gatini Durban, kamba ilikatika ikanipiga goti. Ni meli ya mizigo yenye bendera ya Liberia. Nilipasuliwa hukohuko, nikarudishwa nyumbani na magongo. Sasa wakala amenitumia karatasi: nipokee dola 4,000 na nikiri sina dai lingine. Daktari anasema ni mapema mno kujua kama goti litakunja tena. Baba mdogo anasema nichukue, kesho hata hizo hazipo. Nifanyeje?
Baharia wa Pasua

Marahaba mwanangu, pole sana. Baba mdogo anasema kwa upendo, na najua ada za watoto hazisubiri goti. Lakini usisaini. Kusaini kwamba umepokea ni jambo moja, kusaini kwamba umemaliza ni lingine, na karatasi hiyo imeyafunga pamoja makusudi.

Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Liberia imeuridhia, unakataza baharia kushinikizwa apokee pungufu ya fidia iliyomo kwenye mkataba wake wa kazi. Na jeraha likiwa bado halijulikani litaishia wapi, kama lako, mkataba huo wa kimataifa unataka baharia alipwe malipo ya muda, yaani ya kumshikilia huku dai lenyewe likisubiri, asije akataabika. Basi hizo dola 4,000 ziombe kwa jina hilo. Mjibu wakala kwa maandishi. Simu za mawakala nazijua: sukari nyingi, tarehe hamna.

Kiasi unachodai kimo kwenye mkataba wako wa kazi, au ule wa chama cha mabaharia kama meli inao. Mara nyingi kuna jedwali la asilimia za ulemavu. Kwa hiyo daktari, wakati ukifika, aandike asilimia, si "anaendelea vizuri" tu. Matibabu anayolipia mwenye meli nayo, hata yakiwekewa kikomo cha muda, hakiwezi kuwa chini ya wiki 16 tangu ulipoumia.

Wenzako bado wako melini? Mmoja akupigie picha cheti cha dhamana ya fidia kilichobandikwa ukutani, akutumie WhatsApp. Kina jina la bima na mawasiliano yake, na unaruhusiwa kuidai moja kwa moja bila kupitia kwa wakala. Ukishakipata, niandikie tena, na nakala ya mkataba uiambatanishe. Nataka kuliona hilo jedwali.