Maswali ya Wasomaji: Salfa Hutolewaje Katika Dizeli?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa pampu za dizeli hapa Mombasa. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipohamia dizeli yenye salfa kidogo, Januari 2015, mafundi wenzangu hawaishi kulalamika kwamba mafuta yamekuwa "makavu". Je, salfa hutolewaje, na ni kweli ndiyo iliyokuwa ikilainisha pampu?

JIBU: Salfa si takataka ya kuchujwa kwa kitambaa, imeshikamana na kaboni ndani ya molekuli za mafuta yenyewe, na haitoki mpaka kifungo hicho kikatwe. Kiwandani, dizeli huchanganywa na gesi ya haidrojeni, ikapashwa moto hadi nyuzi 300 au 400 za Selsiasi, kisha ikapitishwa kwa shinikizo kubwa kwenye punje za kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuisha. Punje hizo ni za alumina yenye vitundu vingi, nazo hubeba metali mbili, molibdeni na kobalti; kobalti ndiyo ile ile inayochimbwa kwa wingi Kolwezi, Kongo. Ajabu ni kwamba kichocheo hiki hakifai kitu mpaka chenyewe kilishwe salfa kwanza: molibdeni hugeuka matabaka membamba ya salfaidi, na kwenye kingo za matabaka hayo hutokea mapengo yanayoinasa salfa ya mafuta. Haidrojeni huichukua ikatoka nayo kama gesi yenye harufu ya mayai viza.

Salfa nyingi hutoka bila taabu. Kinachowasumbua watafiti ni masalio. Kiwango cha mwaka 2015 ni gramu 50 tu katika tani nzima ya dizeli, na Ulaya, tangu 2009, ni gramu 10. Masalio hayo hukaa katika molekuli za pete tatu za atomi ambamo salfa imebanwa na vikundi viwili vya methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu), kimoja kila upande, mithili ya mabawabu mlangoni, hata kichocheo kisiweze kuigusa. Hapo ndipo nikeli huchukua nafasi ya kobalti, kwa kuwa huzijaza pete haidrojeni kwanza, molekuli ikajikunja na salfa ikawa wazi; ila haidrojeni inayotumika ni nyingi, na bei yake si ndogo.

Ama kuhusu pampu zako, ukavu upo, lakini salfa inasingiziwa. Katika kazi hiyo hiyo, kichocheo huondoa pia kampaundi za oksijeni na naitrojeni, ambazo ndizo hasa zilizokuwa zikigandama kwenye chuma na kuzuia msuguano. Kwa sababu hiyo dizeli hutiwa kiungo cha kulainisha, kisha hupimwa kwa kusugua gololi ya chuma juu ya kisahani ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60, kwa dakika 75. Kwa kipimo cha Ulaya, kovu kwenye gololi halipaswi kuzidi maikromita 460. Ukifungua pampu ukaikuta imechubuka, mimi ningeshuku kwanza kwamba dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa, ambayo ulainishaji wake ni hafifu zaidi.