Boti ya peke yetu mpaka Mnemba, tutoke saa ngapi? Shangazi anajibu

Likizo ya Desemba inakaribia na barua za bahari zimekuja nyingi mwezi huu. Nimechukua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake kuna maswali ambayo wengi mnauliza kila mwaka.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja miaka 6 mwingine 11. Desemba tunakwenda Unguja kwa mara ya kwanza, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe, tumepata nyumba Matemwe. Kuna kijana katutumia meseji wasapu anasema atatupa boti ya kwetu peke yetu nusu siku mpaka kisiwa cha Mnemba kuangalia samaki kwa snokeli (lile bomba la kupumulia majini), ila bei yake ni zaidi ya mara mbili ya kwenda na kundi. Mume wangu anasema ni kutupa hela. Mimi na mama mkwe hatujui kuogelea hata kidogo. Je inafaa? Na tutoke saa ngapi? — Mama wawili, Tabata

Marahaba mwanangu. Inafaa, tena kwa familia yako hasa inafaa sana, ila mumeo ana haki ya kuuliza hela inanunua nini. Hainunui samaki wengine, samaki ni wale wale na mwamba ni ule ule. Inanunua saa. Boti ya kundi inatoka pale kundi likitimia, wageni wa kutoka mjini na mahoteli ya mbali wanaletwa na magari, mkifika kwenye mwamba ni saa nne saa tano na boti zimejaa pale kama daladala Kariakoo, mawimbi ya injini kila upande, halafu mnaambiwa dakika arobaini turudi. Mkiwa peke yenu mnatoka mnapotaka na bibi akichoka mnageuza. Sasa kama mtalipa bei ya boti nzima halafu mkakubali kutoka saa ile ile ya kundi, hapo mume wako atakuwa sahihi.

Saa yenyewe usiichague kwa saa ya ukutani, ichague kwa maji. Hili watu wa bara hawaambiwi na mimi linaniuma kila nikiliona. Matemwe bahari ikikupwa inakwenda mbali mno, unabaki mchanga, majani na vidimbwi mpaka karibu na mwamba, boti zimelala ubavu. Mwandamo wa mwezi na mwezi mpevu ndio bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kupita siku nyingine, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, siku hizo Unguja maji yanakuwa yamekupwa kabisa kama saa nne na nusu asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa inafika kama mita nne. Kila siku inayofuata muda unasogea mbele kama dakika hamsini. Ukifika tarehe 8, 9 au 22, 23 ndio maji mafu, hapo maji hayaendi mbali na asubuhi bahari ipo karibu.

Niliwahi kupeleka wadogo zangu wawili na watoto wao, jamaa aliyetupanga (simtaji) akasema saa tatu kamili, mimi nilikuwa na haraka za harusi sikuangalia mwezi. Kwenda tulikwenda, tulipanda kwa kuvuka maji ya magotini. Kurudi ndio kasheshe, boti ikatia nanga mbali huko tukaambiwa shukeni tembeeni, tukatembea karibu nusu saa juani, mtoto begani, chini kumejaa wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na mdogo wangu alivaa kandambili zikamkatikia katikati. Mwiba mmoja ulimuingia kisiginoni akakaa nao wiki. Kwahiyo mwanangu angalia tarehe zenu. Mkiangukia maji mafu, tokeni saa moja asubuhi, saa moja na nusu msipite, mtakuta mwamba mtulivu na mtarudi kula chakula cha mchana. Mkiangukia bamvua basi afadhali mchana, mtoke saa saba hivi maji yakiwa yanaingia na mrudi na maji yamejaa, ingawa mchana upepo unaongezeka na boti itarukaruka kidogo. Muulize nahodha mwenyewe, sio kijana wa wasapu. Sema hivi, "siku hiyo maji yanajaa saa ngapi na tutashukia wapi tukirudi?" Nahodha wa kweli atakujibu hapo hapo bila kushika simu. Anaposema "hamna shida bibie, muda wowote tu", tafuta mwingine.

Jambo la pili, kisiwani hamshuki. Mnemba ni kadogo, kuzunguka kwa miguu hakuchukui muda, na chote ni cha hoteli moja ya kifahari, asiye mgeni wao haruhusiwi kukanyaga. Mnaogelea kwenye mwamba unaokizunguka, ambao ni hifadhi ya bahari tangu 2002 na una ada yake ya kuingia. Nakwambia kwa sababu kuna watu wanauziwa "mtakula samaki kisiwani" halafu wanajikuta wanakula pwani ya Muyuni. Muyuni ni pazuri tu, lakini mtu aambiwe ukweli. Kwenye makubaliano andikeni kwenye hiyo hiyo wasapu, bei ni ya boti au ya kichwa, mafuta ya injini yamo, ada ya hifadhi imo, miwani na snokeli zimo, matunda na maji ya kunywa yamo. Bebeni vitambulisho vya NIDA na muulize bei ya mkaazi, msilipe ya mgeni kwa kukaa kimya. Na hela yote msitume kabla, tumeni kianzio kidogo, inayobaki mkirudi nchi kavu.

Kuhusu kutojua kuogelea, usione haya, wanawake wengi waliozaliwa hapa hapa pwani hawajui. Ila laifu jaketi hili sibishani na mtu. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama ikienda Pemba imejaza watu kupita kiasi, Unguja ilikuwa kila mtaa una msiba, na mimi tangu hapo sipandi chombo kabla sijahesabu. Kabla ya kulipa nenda pwani ukaione boti. Hesabu majaketi yasipungue idadi ya watu, mtoto wa miaka 6 awe na la saizi yake lenye kamba ya kupita katikati ya miguu, maana la mkubwa akiingia majini linapanda juu yeye anachuruzika chini. Boti iwe na kivuli, ngazi ya kupandia na simu ya nahodha yenye chaji. Na mwambie unataka baharia wa pili wa kukaa majini na nyinyi, nahodha abaki chomboni. Siku hiyo ikiamka na upepo mkali na nahodha akasema leo hapana, mshukuru na mpange siku nyingine.

Siku moja kabla, fanyeni mazoezi pale pale mbele ya nyumba maji yakiwa ya kiunoni. Simama tu, vaa miwani, ng'ata snokeli, inama utie uso majini uvute pumzi kwa mdomo taratibu. Mara ya kwanza kifua kitakataa, utainua kichwa unahema, ni kawaida, rudia mara tano sita mpaka mwili ukubali. Siku yenyewe baharia atarusha boya la duara lenye kamba, wewe na mama mkwe mnalishika kwa mikono miwili mnalala kifudifudi na yeye anawavuta. Mimi shangazi yangu mzaa baba aliingia hivyo na umri wake ulishapita sitini, alikuwa anasoma dua kwa sauti ndani ya snokeli tunamsikia. Baadae akanyamaza. Tukaogopa tukamgusa, akatupungia mkono tumuache. Alipotoka akasema kasikia samaki wanatafuna. Na ni kweli, ukitulia unawasikia, ni pono, wana mdomo kama wa kasuku wanakwangua matumbawe, kwaru kwaru kwaru, yale mawe yanapita tumboni wanayatoa nyuma yakiwa mchanga laini mweupe. Ule mchanga mnaopigia picha pwani sehemu yake imetoka hapo. Sasa mwanangu, mtu aliyekodi boti ya kundi angepewa wapi muda wa kulala juu ya maji mpaka hofu iishe na masikio yafunguke?

Msikanyage matumbawe hata mkichoka, yale ni viumbe hai, mengine yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, na joto la 1998 na la 2016 lilishayapausha vya kutosha. Mkichoka shikeni boya. Na njiani mkikutana na pomboo nahodha atataka kuwafurahisha, atakimbiza injini awakate mbele mruke, mkatalieni. Wale wanaojizungusha hewani, usiku kucha wanawinda, mchana ndio wanapumzika na watoto wao, boti kumi zikiwazunguka hawapumziki. Mwambie azime au apunguze akae pembeni. Mmekodi boti peke yenu, neno lenu ndilo la mwisho, na mara nyingi wanakuja wenyewe kuangalia.

Asalaam aleikum Shangazi. Nipo Maskati, nakuja nyumbani na mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Nataka nimchukulie boti ya peke yetu kutoka Mjini, kisiwa cha Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda kwa nusu siku. Ataweza? — Mjukuu wa Malindi, Oman

Waaleikum salaam, karibuni nyumbani. Ataweza inshaallah, hapa ni maji ya ndani na safari ni fupi, kama nusu saa kwa boti ya injini. Kinachomchosha mtu mzima ni kupanda na kushuka, maana pale pwani ya Shangani boti inaletwa kwenye maji ya magotini na kila mtu anaruka. Mpangie na nahodha kabla, boti yenye ngazi, kistuli cha plastiki, na vijana wawili wa kumshika mkono, na atafute sehemu ya kushukia Changuu isiyo na mawe. Kwa Nakupenda ile hesabu ya maji inageuka, fungu la mchanga linatoka maji yakikupwa na likijaa linapotea lote, kwahiyo siku za bamvua asubuhi ndio lenyewe, wakati Matemwe wanalia nyinyi mnafurahi. Kivuli hakuna zaidi ya maturubai ya vijana wa boti, mfikishe mapema na msikae zaidi ya saa moja na nusu.

Changuu asikose kuwaona kobe. Wanne wa mwanzo waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wengine umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye gamba, mama ataona waliomzidi miaka mingi na atapata mtu wa kumpa shikamoo. Kisiwani hapo kuna jengo la gereza lililojengwa miaka ya 1890 ila wafungwa hawakuwekwa, likawa la kuwatenga wasafiri wenye maradhi. Wewe ukitaka snokeli ingia hapo hapo karibu, na mtu akikutolea kiti cha pweza majini uweke mkononi upige picha, mwambie akirudishe haraka, hewa inamuua.

Shangazi mambo. Mimi nipo Mombasa, mtu anataka kunipeleka Kisite, ile hifadhi ya bahari, kwa boti binafsi nusu siku, niende nirudi. Ni sawa? — Kijana wa Kisauni

Poa mwanangu. Boti nusu siku ni sawa, barabara ndio haikubali. Kutoka Kisauni unavuka Likoni, unateremka mpaka Shimoni karibu na mpaka wa Tanzania, ukifika maji yameshaamua bila wewe. Lala Shimoni au kisiwa cha Wasini usiku mmoja, asubuhi uwe wa kwanza kwenye mwamba. Ada ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) lipa mwenyewe kabla kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, usimpe mtu keshi akulipie. Mkirudi mwambie nahodha akushushe Wasini ule kaa na wali wa nazi.

Shikamoo Shangazi, navaa hijabu na miwani ya snokeli kila nikijaribu inaingiza maji. Nifanyeje? — Bint Chake

Marahaba mama. Inaingiza kwa sababu kuna kitambaa au unywele umepita chini ya mpira. Vaa burkini, vazi la kuogelea la kusitiri mwili mzima, lenye kofia ya kubana, miwani iweke kwanza usoni moja kwa moja kwenye ngozi, vuta pumzi kwa pua ikushike bila mkanda, ikikaa yenyewe ndio saizi yako, ikianguka omba nyingine. Halafu pandisha kofia kichwani bila kuingia chini ya mpira, mkanda upite juu ya kofia, sio chini. Usiukaze sana, ukikaza mpira unakunjika na maji yanapita hapo hapo. Ikipiga ukungu tema mate kwa ndani, sugua kwa kidole, suuza mara moja na maji ya bahari. Hilo burkini la mikono mirefu pia litakusaidia usijipake mafuta ya jua mwili mzima, yanaoshwa na mengine yanabaki kwenye matumbawe, paka uso na migongo ya mikono tu, nusu saa kabla ya kuingia.